Dagaa wa mchangani ni wazito: kisa cha darasa la sita kando ya ziwa

Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, iko Mwanza, upande wa Ilemela kwenye njia ya kwenda Kayenze. Ukisimama uwanja wa paredi unaliona Ziwa Victoria, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inaingia hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Jina la shule nimeliacha, na majina ya watu pia. Kisa nakileta kwa sababu walimu wengi wa kandokando ya ziwa wananiuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti: hawa watoto tutawashikaje kwenye Sayansi na Hisabati, wakati akili zao ziko mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki?

Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji aupime anavyosoma. Watoto hawa hawana uhaba wa hamu. Wana uhaba wa maswali yenye mwenyewe, yaani maswali ambayo kuna mtu anayesubiri jibu, na jibu likikosewa anaingia hasara. Swali la kitabuni halina mwenyewe. Juma ana maembe 40, akauza robo, amebakiwa na mangapi? Juma hayupo, maembe hayapo, na ukikosea hakuna anayelala njaa.

Tuanze na bango. Kuna mradi ulipita shuleni hapo ukaacha bango kubwa la rangi lenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 ambayo nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliyapitisha Septemba 2015 ili yafikiwe ifikapo 2030. Likabandikwa ukutani darasa la sita. Watoto wakayakariri kwa namba, la kwanza hadi la mwisho, na mgeni akija wanayaimba kama kibwagizo cha ngonjera. Wenyewe walilipenda zaidi Lengo la 14 kwa kuwa lina picha ya samaki. Ila mwalimu wa Sayansi, ambaye ndiye aliyekianzisha kisa hiki, aliona kitu kimoja: ukiwauliza lengo hilo linawahusu nini wao, darasa zima linatazama chini.

Mwalimu huyo huyo ndiye mwalimu wa darasa, kwa hiyo daftari la mahudhurio liko mikononi mwake. Hapo ndipo alipoona jambo la pili, na kwangu mimi hili ndilo lililobeba mengine yote. Utoro wa darasa lake haukuwa umetapakaa ovyo. Ulikuja kwa makundi. Siku kadhaa mfululizo madawati ya nyuma yanapungua watu, kisha wote wanarudi, kisha baada ya wiki kadhaa wanapungua tena, na ni walewale.

Mtu wa ziwani hahitaji kufafanuliwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Mwanga huvuta wadudu wadogo wa majini na dagaa wenyewe, wavu unawazungushia. Mbalamwezi ikiwa kali taa inapoteza nguvu yake, samaki wanatawanyika, na wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Giza likirudi mitumbwi inaingia ziwani tena, alfajiri dagaa wanashuka kwa wingi, na kila mkono unahitajika kuanika kabla jua halijapanda. Mikono midogo pia.

Sasa kwa nini ofisi haikuliona hilo miaka yote? Kwa sababu ripoti ya mahudhurio inaandikwa kwa mwezi wa kalenda, na mwezi wa angani hauifuati kalenda. Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Giza likianza tarehe 20 ya mwezi wenye siku 31, safari inayofuata linaanza tarehe 18 au 19, na linazidi kurudi nyuma hivyo hivyo. Ukijumlisha utoro kwa mwezi, makundi yanayeyuka unabaki na wastani usiosema kitu. Mwalimu alichofanya ni kuchora mstari mrefu ubaoni, siku moja baada ya nyingine bila kukata kwa miezi, akaweka nukta za utoro, kisha akawaambia watoto waweke siku za mwezi mpevu. Hakuwaambia anatafuta nini. Nukta zilikaa kwenye mabonde kati ya miezi mipevu, na kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema kwa sauti: "Mwalimu, hizo si ndizo siku za giza!" Darasa likacheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa anajua, ila hakuna aliyekuwa amewahi kuliona limechorwa.

Hiyo ilikuwa grafu yao ya kwanza iliyosema kitu ambacho kitabu hakijui. Pia iliwabadilisha watoro. Ghafla wao ndio wenye maarifa ambayo wengine hawana. Sisemi utoro uliisha. Haukuisha, na nitaurudia.

Swali lenye mwenyewe lilipatikana siku chache baadaye, tena kwa bahati. Mwalimu alishuka mwaloni kumtafuta bibi wa mwanafunzi mmoja wa kike, kumweleza habari za mahudhurio ya mjukuu. Bibi anaanika dagaa kwa biashara, si mtu wa kukaa bure, akamsikiliza huku anaendelea kugeuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta, na huyu nitamleta kesho mwenyewe. Ila na mimi nina langu. Nyie si ndio wa hesabu? Basi nihesabieni. Nanunua wabichi kwa ndoo, nauza wakavu kwa sado. Mwisho wa wiki sijui nimepata faida au nimekula mtaji. Na sasa kila anayepita ananiambia nijenge vichanja, niache mchanga. Vichanja ni mbao, misumari, na wavu. Vitanirudishia hela yangu au?"

Mwalimu aliyabeba maneno hayo kama yalivyo hadi darasani na kuyaandika ubaoni. Hakuyasafisha. Nadhani alifanya vizuri, maana angeyageuza kuwa "tafuta uwiano wa uzito" yangekuwa ya Juma na maembe yake tena. Kipindi chote kile kikaenda kwenye kubishana bibi anataka kujua nini hasa. Watoto walitoa maswali mawili yaliyojificha ndani ya lile moja: kilo ngapi za wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu, na je, mahali pa kuanikia panabadilisha chochote?

Kisha kikaja kikwazo cha vipimo. Ndoo na sado hupima ujazo, si uzito. Mtoto wa muuza duka alieleza kwa vitendo: akajaza mchele kwenye kopo, akaligongagonga, mchele ukashuka, nafasi ikabaki juu. Dagaa wakavu ndio zaidi, maana wamejikunja na wana hewa katikati. Anayejaza kwa kumwaga na anayejaza kwa kushindilia hawauzi kitu kimoja. Kwa hiyo wakakubaliana kupima kwa mizani, na mwenye duka jirani akaazimisha ya kwake, ile ya mshale yenye mistari ya kila gramu 50.

Jaribio likafanyika Jumamosi moja ya kiangazi, mwezi wa nane. Dagaa walikuwa wa bibi na ni yeye aliyewaanua jioni akauza, hivyo hakupoteza kitu. Kilo tano zilianikwa mchangani, kilo tano juu ya jabali, na kilo tano kwenye kichanja cha jirani, wote wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja. Hoja ya mtumbwi mmoja ilitoka kwa yule mjukuu mtoro. Alisema dagaa wa juzi wameshakauka kidogo hata kama unawaona wabichi, "ukiwachanganya unajidanganya." Mwalimu wa Sayansi anaweza kutumia wiki nzima kueleza maana ya kudhibiti vigezo na asipate sentensi fupi kama hiyo.

Kila kundi lilikuwa na daftari lake. Jabali liliongoza hadi adhuhuri. Mawe yetu haya ya Mwanza yakishapata jua la saa nne huwezi kuyakanyaga pekupeku, na dagaa walio juu yake wanapigwa joto kutoka pande mbili. Baada ya hapo kichanja kikalifikia, kwa sababu upepo wa ziwani unapita chini na juu ya wavu, wakati upande wa chini wa dagaa wa jabali umelala kwenye unyevu wake wenyewe hadi awepo mtu wa kuugeuza. Hapo somo la mvukizo lilijifundisha: joto, upepo, unyevu wa hewa, na ukubwa wa eneo lililo wazi. Kipimo cha kukauka kilikuwa cha mwaloni. Unamkunja dagaa katikati ya vidole. Akikunjika bado, akikatika kwa mlio, tayari.

Jioni mizani ikaleta fujo. Dagaa wa mchangani walikuwa wazito kuliko wa kichanja, kwa mstari mmoja na kidogo. Kundi la mchangani likashangilia. Wameshinda! Dagaa wengi zaidi kutoka kilo zilezile tano! Kundi la kichanja wakasema hawajakauka. Wakakunja mmoja mmoja, wote wakakatika. Mwalimu, na hapa ndipo namvulia kofia, hakusema neno. Akawauliza tu uzito huo wa ziada umetoka wapi, kwa kuwa asubuhi wote walikuwa sawa.

Msichana mmoja akachukua dagaa wa mchangani, akatafuna, akatema. "Mchanga," akasema.

Wakamwaga dagaa wa mchangani kwenye beseni la maji, wakakoroga, wakawatoa, wakaacha maji yatulie. Chini ya beseni kukabaki tabaka la kijivu. Wakachuja, wakalikausha juu ya kipande cha bati. Kulipima kwa mizani ya duka ikashindikana, mshale ulicheza tu kati ya mistari. Basi wakatengeneza mizani yao: rula imening'inizwa kwa uzi katikati, vikopo viwili vya mtindi kwenye ncha, mchanga upande huu, maji upande wa pili yakiongezwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo rula ilipolala sawa walisoma jibu kwenye bomba. Mchanga uliliziba pengo lote lililowafanya washangilie, na ukabaki.

Bibi alipoelezwa hakushtuka. "Wanunuzi wanajua," alisema. "Ndiyo maana wa mchangani wengi wanaishia kwa kuku." Na ni kweli, sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili huenda kwenye chakula cha mifugo, na bei ya huko si ya mezani. Watoto hawakuwa wamefikiria kwamba kilo mbili zenye uzito sawa zinaweza kuwa na bei mbili.

Swali la kwanza, la wabichi na wakavu, liliwachosha zaidi, na ndilo ninalopenda kulisimulia kwa walimu wenzangu kwa sababu hata watu wazima linawaangusha. Tuseme dagaa mbichi ana maji asilimia 75, na mkavu amebaki na maji asilimia 15. Kilo moja mbichi itabaki gramu ngapi? Karibu darasa zima liliandika 400: 75 toa 15 ni 60, kwa hiyo asilimia 60 imeondoka, zimebaki 40. Inapendeza, ila mizani inakataa.

Mwalimu aliwarudisha kwa swali moja: ni kitu gani hakikuondoka? Nyama, mifupa na mafuta. Katika kilo moja mbichi vitu hivyo ni gramu 250, na jioni bado ni gramu 250. Ila sasa hizo 250 ndizo asilimia 85 ya dagaa mkavu. Gawanya 250 kwa 0.85, unapata kama gramu 294. Maji yaliyopaa ni gramu 706, si 600. Asilimia 75 ilikuwa ya kilo nzima na asilimia 15 ni ya kitu kilichokwisha kupungua. Hazitoani kwa sababu si sehemu ya kitu kimoja. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya wakavu inakula kilo 3.4 za wabichi. Kama kilo ya wabichi ni shilingi 1,000, tukichukulia namba rahisi ya ubaoni, kilo ya wakavu ikiuzwa chini ya shilingi 3,400 bibi amekula mtaji, na hapo hajalipa mgeuzaji wala usafiri wa kwenda soko la Mwaloni Kirumba.

Nimeona mada ya asilimia ikifundishwa darasa la sita mara nyingi. Hapa ndipo mara pekee nilipoona watoto wanakataa kengele ya kutoka.

Baada ya hayo ndipo mwalimu aliporudi kwenye bango. Mpangilio huu ninautetea: malengo ya dunia yaje mwisho, mtoto akiwa na lake la kuyauliza. Wale wanaoanza na bango wanapata kibwagizo. Darasa lilipoulizwa kazi yao inaingia lengo la ngapi, wote walinyoosha kidole kwa samaki wa 14. Mwalimu akawasomea lengo lenyewe linavyosema: bahari kuu, bahari, na rasilimali zake. Kimya. Kisha: "Mwalimu, ziwa letu ni bahari?"

Si bahari. Maji yake ni baridi, yako zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na yanagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya. Maziwa yametajwa kwenye Lengo la 6, kipengele cha 6.6, kinachohusu kulinda mifumo ya maji, na mifumo ya maji baridi imetajwa tena kwenye Lengo la 15. Na dagaa aliyeoza kabla ya kufika sokoni, au aliyejaa mchanga? Huyo yuko kwenye Lengo la 12, kipengele cha 12.3, kinachotaka upotevu wa chakula upunguzwe hata ule unaotokea baada ya mavuno. Watoto walihamisha kazi yao kutoka 14 kwenda 12, huku wengine wakinung'unika kwamba 12 haina hata picha ya samaki. Nadhani wakati ule ndipo bango lilipoacha kuwa pambo.

Yasiyokwenda vizuri nayo ni sehemu ya kisa. Jirani mmoja alieneza kwamba walimu sasa wanawapeleka watoto kufanya kazi mwaloni, na hakuwa mjinga kuwaza hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na wengi wa darasa la sita hawajafika huko. Mwalimu mkuu alilitatua kwa busara: barua ya ridhaa kwa kila mzazi, mtoto hagusi ndoo wala hageuzi dagaa wa mtu, anapima na kuandika tu, na anakaa mwisho saa chache kwa zamu. Mstari huo lazima uchorwe mapema. Somo linaloheshimu maarifa ya mtoto mtoro linaweza kwa urahisi kabisa kuubariki utoro wenyewe.

Na utoro, kama nilivyosema, haukuisha. Mjukuu wa bibi amekuwa akija siku nyingi zaidi, ila wiki ya giza bado inamvuta. Mtihani wa muhula haukuwa na swali lolote la dagaa, na alama za darasa hazikuruka. Mwalimu wa taaluma alilisema hilo wazi kwenye kikao, na ni haki yake. Mimi jibu langu ni kwamba swali la asilimia lililomo kwenye mtihani ni lilelile lililowaangusha, ila anayetaka kuliona kwenye alama itabidi asubiri zaidi ya muhula mmoja. Darasa lenyewe lina watoto wengi kuliko madawati. Bila zamu na daftari la kila kundi, nusu yao wangekuwa watazamaji.

Kuhusu vichanja, watoto walipeleka hesabu yao kwa bibi wakiwa na uhakika. Gharama ya mbao na wavu, tofauti ya bei kati ya dagaa wa mezani na wa kuku, idadi ya siku za giza ambazo zingerudisha fedha. Ilikuwa imenyooka. Bibi akaisikiliza yote, akawashukuru, akasema hajengi.

"Sasa tulihesabu nini?" mmoja akauliza, kwa hasira kabisa.

Akawaeleza. Dagaa anawachukua kwa mkopo kwa mwenye mtumbwi, kwa hiyo fedha ya kununua mbao kwa mkupuo hana hata kama zitarudi. Eneo analoanikia si lake. Na mbao zikilala nje usiku, asubuhi ni kuni za mtu. Hayo yote hayakuwa kwenye jedwali kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Alichofanya yeye ni kununua nyavu chakavu kwa bei ya kutupa na kuzitandika mchangani, halafu anaanika juu yake. Mchanga haushiki kama zamani, jioni anazikunja anaondoka nazo.

Darasa likaongeza safu ya nne kwenye jedwali: wavu juu ya mchanga. Matokeo ya awali yanaiweka kati ya mchanga na kichanja kwa usafi, na nyuma ya vyote viwili kwa kasi, labda kwa sababu wavu unawainua kutoka kwenye mchanga wa moto bila kuwapa upepo wa chini. Labda, maana ni siku moja tu ya jua na mwalimu amewakataza kuiandika kama hitimisho.

Bibi naye ameshaleta swali jingine: mvua ikinyesha je? Vipimo vyote ni vya kiangazi, na vuli ndiyo inayomtia hasara kuliko mchanga. Limewekwa kwenye mpango wa Novemba, pamoja na kaushio dogo la fremu ya mbao na nailoni angavu ambalo watoto wanalichora sasa, na mizani imeshaombwa tena kwa mwenye duka.